Panya wa Kisanga: Ginsi Nyama wa Katanga Alivyofundisha Wanganga Habari za Malaria



Hakuna padri wala mukatekista wa Katanga asiyejua homa ya malaria. Tunaikuta katika nyumba za wakristu, tunaikuta katika lopitali, tunaikuta pia makaburini, kwani wengi tunaowazika wangali watoto wadogo. Kwa mwaka 2023 Shirika la Afya la Dunia lilihesabu watu karibu 597 000 waliokufa kwa malaria, na Kongo yetu ilikuwa nchi ya pili katika hesabu hiyo, nyuma ya Nigeria. Katika Afrika, wafu 3 kati ya 4 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Sisi tunaujua ugonjwa huu kwa kuuona tu. Lakini wanganga waliujua namna gani kwa ndani? Walijuaje njia ambayo kijidudu kinapita mwilini, mahali kinapojificha, na dawa inayokiua? Hawawezi kumtwaa mtoto wa mtu na kumtia ugonjwa ili waone atakavyokufa. Basi walihitaji nyama wa kusimama mahali pa mtu. Na katika historia ya malaria, nyama mmoja aliyefanya kazi hiyo kushinda wengine alitoka hapa kwetu, katika mishitu ya Kisanga karibu na Lubumbashi, mwendo wa kilomita 120 hivi toka Likasi. Shaba na kobalti za Katanga zinajulikana duniani pote, na sisi wenyewe twazisifu. Panya wa Katanga anajulikana na wenye elimu wa duniani pote, lakini kwetu wachache wamesikia habari zake. Nataka kuzieleza kwa taratibu.

1. Nyama wa kwanza

Desturi ya kuchunguza ugonjwa wa watu kwa njia ya nyama haikuanza Katanga. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alianza kumtibu mtoto Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Dawa ile aliitengeneza kwa uti wa mgongo wa sungura, na kabla ya kumpa mtoto alikuwa ameijaribu kwa mbwa wengi. Mtoto alipona.

Mwaka 1898, katika mji wa Calcutta, munganga Mwingereza Ronald Ross alionyesha njia ya malaria ndani ya mbu. Hakuionyesha kwa watu, bali kwa ndege: alikiona kijidudu kikifika katika mate ya mbu, kisha kikiingia katika ndege mzima. Mwaka ule ule Giovanni Battista Grassi na wenzake wa Italia walionyesha ya kuwa malaria ya watu inaletwa na mbu wa ginsi ya Anopheles.

Katika Afrika yetu ugonjwa wa usingizi ulifuata njia ile ile. David Bruce aliona kwanza kijidudu cha nagana katika ng'ombe wa Zululand, kisha akakifuata ndani ya mbwa na ndani ya nyama wa pori. Mwaka 1903 alifika Entebbe, wakati ugonjwa wa usingizi ulipokuwa ukimaliza watu wa Uganda. Huko tumbili waliotiwa kijidudu, na tumbili walioumwa na tsetse wa kando ya ziwa, waliugua sawasawa na watu. Ndipo ikajulikana kwamba nagana ya ng'ombe na ugonjwa wa usingizi wa watu ni wa ukoo mmoja, na kwamba tsetse ndiye anayeuleta. Katanga nayo iliingia mapema katika kazi hii: tangu 1910 mpaka 1912 munganga Jérôme Rodhain na wenzake walitembea nchi yetu pamoja na Misioni ya Elimu ya Katanga, wakichunguza tsetse na vijidudu wanavyochukua.

Kwa malaria ilibaki shida moja. Nyama waliotumiwa kujaribia dawa walikuwa ndege: kanari, kuku, bata. Lakini ndege hanyonyeshi kama mtu, na kijidudu cha ndege, kikiisha kuingia mwilini, hakipiti katika maini kama kile cha watu. Tumbili angefaa kushinda, ila ni wa bei kubwa na ni vigumu kufuga mia nzima. Watu wa elimu walitamani nyama mdogo anayenyonyesha, anayezaa upesi, anayekula kidogo. Kila mmoja alijua kuwa panya mweupe wa laboratwari angefaa sana. Lakini hakuna aliyejua kijidudu cha malaria kinachoweza kuishi ndani yake.

2. Mushitu wa Kisanga

Katika miaka ya 1940 munganga Mbelgiji Ignace Vincke alikuwa akifanya kazi ya kupiga vita malaria katika Elisabethville, mji tunaouita Lubumbashi tangu 1966. Kila siku wasaidizi wake walikamata mbu, naye aliwapasua chini ya mikroskopi ili aone kama wana vijidudu. Kazi hii ilimfikisha katika mishitu, yaani ile misitu myembamba inayofuata vijito, ambayo kila mtu wa Katanga anaijua: juu jua kali, ndani kivuli na unyevu.

Huko aliona jambo la kushangaza. Mbu mmoja anayeitwa Anopheles dureni alikuwa na vijidudu vya malaria katika mate yake. Lakini mbu huyu hujilisha hasa kwa damu ya nyama wa pori, si kwa damu ya watu. Basi vijidudu vile vilitoka wapi? Vincke alifikiri hivi: kama mbu ana malaria naye haumi watu, lazima kuna nyama ndani ya mushitu mwenye malaria ya kwake. Kwa hiyo aliacha kumwangalia mbu peke yake, akaanza kumtafuta nyama aliyemlisha.

Mwaka 1948 akamwona. Pamoja na mwenzake Marcel Lips, walikuta kijidudu katika damu ya panya wa mitini, mwenye mkia mrefu, anayetembea usiku katika matawi ya mushitu wa Kisanga. Kwa Kilatini panya huyu anaitwa Grammomys surdaster. Kijidudu walikiita Plasmodium berghei, kwa heshima ya Louis van den Berghe, mwalimu wa Institut de Médecine Tropicale ya Anvers, aliyeongoza pia IRSAC, ile yenye makao Lwiro katika Kivu. Mwaka 1952 Rodhain, aliyekwisha kuwa mzee, alitangaza kijidudu kingine cha panya wa Katanga, akakipa jina la Vincke: Plasmodium vinckei.

Kisha walitwaa damu ya panya wa Kisanga, wakaitia kwa sindano katika panya mweupe. Panya mweupe akaugua malaria. Sasa mlango ulifunguka. Kwa miaka michache kijidudu cha Kisanga kilifika katika laboratwari za Ulaya na za Marekani, kikipitishwa kwa sindano toka panya mmoja hadi mwingine. Dawa ambayo zamani ilihitaji miezi mingi na nyama wa bei kubwa, sasa iliweza kujaribiwa kwa siku chache.

3. Fundisho la baridi

Hata hivyo kazi ilikuwa nusu tu. Kijidudu kilipitishwa kwa sindano, si kwa mbu. Na kila kilipopitishwa hivyo mara nyingi, kiliacha kuzaa zile namna za dume na jike ambazo mbu anazihitaji. Tena, hata walipopata kijidudu kipya, walishindwa kukipitisha vizuri ndani ya mbu wa laboratwari. Waliwaweka mbu katika joto, kama desturi ya malaria ya watu, na vijidudu vilikufa ndani ya mbu.

Jibu lilikuwa katika mushitu wenyewe. Lubumbashi, sawa na Likasi, iko juu, mita 1 200 na zaidi. Ndani ya mushitu jua haliingii, na majira ya kiangazi usiku ni baridi. Kijidudu cha Kisanga kimezoea ubaridi ule. Mwaka 1964 Meir Yoeli na wenzake wa New York waliwaweka mbu katika ubaridi kama ule wa mishitu ya Katanga, digri 21 hivi, na kijidudu kikakomaa, kikafika katika mate, kikaingia katika panya mzima. Mwaka 1965 waliona pia namna kinavyokua katika maini ya nyama hao.

Tuangalie vema jambo hili. Watu wa elimu walikuwa na mashini nyingi na vitabu vingi, lakini walipomtenga kijidudu na mahali pake, kilikataa kufanya kazi. Iliwabidi warudi kuuliza: huko kwao, mushitu uko namna gani? Mpaka leo aina mbili za kijidudu hiki zinazotumiwa sana zinachukua jina la kwetu: NK65 maana yake New York, Kasapa, 1965, na ANKA maana yake Anvers-Kasapa. Kasapa ni ile ile ya Lubumbashi, yenye nyumba za universite. Mwanafunzi wa Tokyo au wa London akiandika jina hilo katika daftari yake, anaandika jina la mtaa ambao vijana wetu wanaenda kusomea.

4. Matunda

Je, watu walipata faida gani? Nitataja mbili tu.

Faida ya kwanza ni chanjo. Ruth Nussenzweig, mwanamke mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Brazili pamoja na jamaa yake kwa sababu ya mateso ya Wayahudi, alikuwa akifanya kazi katika universite ya New York. Mwaka 1967 yeye na wenzake walitwaa vijidudu vya berghei vya mate ya mbu, wakavipiga kwa mwangaza wa eksi mpaka vikapoteza nguvu, kisha wakavitia katika panya. Baadaye waliwatia panya wale vijidudu vizima: wengi hawakuugua. Mbele ya hapo wengi walifikiri ya kuwa chanjo ya malaria haiwezekani kabisa. Mwaka 1973 David Clyde alionyesha jambo lile lile kwa watu waliokubali kwa hiari, kwa kutumia mbu waliopigwa mwangaza. Kisha, karibu na 1980, jamaa ya Nussenzweig walitambua ile protini inayofunika ngozi ya kijidudu cha berghei, na baadaye ikaonekana protini ya namna hiyo katika kijidudu cha watu. Juu ya protini hiyo ya kijidudu cha watu zilijengwa chanjo mbili za leo: RTS,S, ambayo Shirika la Afya la Dunia liliikubali kwa watoto mwezi wa Oktoba 2021, na R21, iliyokubaliwa Oktoba 2023. Kongo yetu ilianza kuwachanja watoto mwishoni mwa mwaka 2024, kwa kuanzia jimbo la Kongo Central.

Faida ya pili ni dawa. Katika China, Tu Youyou na wenzake walitafuta dawa ya malaria katika vitabu vya kale vya waganga wa nchi yao. Tarehe 4 Oktoba 1971, maji waliyokamua kwa ubaridi toka katika majani fulani yaliponya panya wote waliojaribiwa. Kijidudu cha panya wale kilikuwa berghei, mzaliwa wa Kisanga. Kisha yaliponya tumbili. Mwaka 1972 Tu Youyou na wenzake walikunywa wenyewe dawa ile ili waone kama haina ubaya. Ndipo wakawapa wagonjwa. Hiyo ni artemisinini, mama wa vidonge ambavyo mgonjwa wa malaria hupewa leo katika lopitali za Likasi. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa zawadi ya Nobel.

5. Panya si mtu

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa kuwa kuna kosa la kuamini mno, sawa na kosa la kukataa.

Panya wa mushitu na panya mweupe wanaweza kuwa na kijidudu kile kile, na kila mmoja anaugua kwa namna yake. Panya wa Kisanga anaishi nacho siku nyingi bila taabu kubwa. Panya mweupe mara nyingi anakufa. Kama panya wawili wanatofautiana hivyo, je, panya na mtu? Kwa sababu hii watu wa elimu wanabishana mpaka leo kama ugonjwa wa ubongo wa panya mwenye ANKA ni sawa na malaria ya ubongo inayoua watoto wetu. Chanjo nyingi ziliwalinda panya vizuri, zikashindwa kuwalinda watu. Hata RTS,S: katika majaribio makubwa ya 2009 mpaka 2014, ilipotolewa mara nne kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 mpaka 17, ilipunguza malaria kwa sehemu 36 kati ya 100 katika miaka minne hivi. Ni msaada mkubwa, lakini si ukuta. Chandarua na dawa vinabaki kuwa vya lazima.

Ebola inatufundisha vile vile. Mwaka 2014 dawa iliyoitwa ZMapp iliponya tumbili 18 wote walioambukizwa, hata wale waliokwisha kuugua. Wengi walifikiri: sasa tumeshinda. Lakini katika Kivu ya Kaskazini, tangu Novemba 2018 mpaka Agosti 2019, wagonjwa 681 walitibiwa kwa dawa nne, kwa utaratibu unaowezesha kuzilinganisha kwa haki. Waliopewa ZMapp, nusu yao walikufa. Waliopewa mAb114, ambayo ilitoka katika damu ya mtu aliyepona ebola ya Kikwit ya 1995, walikufa 35 kwa 100. Dawa hii nayo ilikuwa imeponya tumbili. Basi tumbili walitoa habari ya kwanza, lakini hukumu ya mwisho haikutoka kwao.

Kuna fundisho jingine, la uchungu zaidi. Dawa ya atoxyl ilionekana kuua vijidudu vya ugonjwa wa usingizi ndani ya nyama. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch aliwapa wagonjwa wa visiwa vya Sese, katika ziwa Victoria, na alipoona kwamba haitoshi, akaongeza kipimo. Wagonjwa wengine wakapofuka macho. Nyama walikuwa wameonyesha nguvu za dawa. Hawakutoa ruhusa ya kuongeza kipimo juu ya watu wasioweza kukataa. Kosa halikuwa la nyama.

6. Nyama ana mahali pake, mtu ana pake

Nimetaja Sese kwa sababu habari ya namna ile haikufa katika kumbukumbu za watu. Katika Kongo pia, wakati wa utawala wa Wabelgiji, watu walikusanywa kwa nguvu, wakachomwa sindano katika uti wa mgongo, wakatengwa na jamaa zao katika nyumba za wagonjwa wa usingizi. Mama wa leo akiuliza, «Chanjo hii, wanataka kutujaribu sisi?», hatumjibu kwa kumcheka. Swali lake ni la haki, na lina baba na babu.

Lakini tukijua historia, tunaweza kumjibu kwa kweli. Chanjo ya malaria haikuanza kwa mtoto wa Afrika. Iliamshwa na panya katika 1967. Kisha walikuja watu wazima waliojitolea wenyewe. Marekani, katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 1997, 6 kati ya 7 waliopewa RTS,S iliyotengenezwa kwa namna bora zaidi walilindwa. Baadaye watu wazima wa Gambia, halafu watoto wa Msumbiji, halafu watoto zaidi ya 15 000 katika nchi saba za Afrika, na wazazi wao waliulizwa kwanza. Kila hatua ilingoja hatua ya mbele yake. Utaratibu huo ndio unaomfanya mtoto wetu asiwe panya.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 inaeleza pande zote mbili. Katika namba 2417 inakubali majaribio ya matibabu juu ya nyama, yakiwa na kiasi na yakisaidia kuponya au kuokoa watu. Na katika namba 2418 inasema ya kuwa kuwatesa nyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Katika namba 2295 inataka mtu anayejaribiwa akubali akijua. Nyama si kitu cha kuchezewa, na mtu si nyama. Anayechanganya mambo hayo mawili, kwa upande wo wote, anapotea.

Sasa tufanye nini? Kwa waseminari nasema: someni elimu ya viumbe kwa bidii sawa na falsafa. Vincke aliuliza swali moja tu, «Mbu huyu amekula wapi?», na swali hilo lilitoka katika kutazama mushitu kwa uvumilivu. Mishitu ingali iko, ingawa inakatwa kwa makaa na kwa mashamba karibu na miji yetu, na ndani yake kuna nyama na mbu ambao hakuna bado mtu aliyewachunguza. Mbona wa kuwachunguza wasiwe watoto wa Likasi na wa Kambove?

Kwa wakatekista nasema: mama akileta mtoto mwenye homa kwenu mbele ya kwenda lopitali, msimcheleweshe kwa maneno mengi. Mwambieni aende siku ile ile, kwani malaria ya mtoto haingoji kesho. Chanjo ikifika katika jimbo letu, semeni kweli yote: kwamba inasaidia, kwamba haizuii kila homa, kwamba inatakiwa mara nne, na kwamba chandarua kisitundikwe ukutani kama pambo wala kisipelekwe mtoni kuvulia samaki. Mkiulizwa chanjo hii imetoka wapi, mnaweza kujibu bila kudanganya: imetoka katika kazi ya watu wa nchi nyingi, na mwanzo mmoja wa kazi hiyo ulikuwa panya wa mitini katika mushitu wa Kisanga.